Shingo ya Mama

Katika nyumba ile kila mtu aliumwa shingo, na wote waliumwa upande uleule, wa kulia. Hawakuwa na haja ya kumwuliza daktari sababu. Sababu ilikuwa imelala chumba cha nyuma, karibu na bafu, ikisubiri kunyanyuliwa: mama, ambaye kiharusi kilimpoozesha mkono na mguu wa kulia, kikamwachia mkono wa kushoto wenye nguvu za mtu aliyekasirika. Ukitaka kumtoa kitandani unainama mbele yake, anakutupia mkono huo shingoni, anakubana, nawe unavuta pumzi na kuinuka naye. Ukishamkalisha kwenye kiti unabaki unajipapasa bega. Wenyewe waliyaita maumivu hayo shingo ya mama, na walitaniana nayo kama watu wengine wanavyotaniana na mafua.

Asiye na kisingizio hasa alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza. Kazi yake ilikuwa hospitalini, katika chumba cha mazoezi ya viungo, kuwafundisha watu waliopooza namna ya kukaa, kusimama na kutembea upya. Wagonjwa walimbandika jina la Taratibu kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni. Ndugu wa mgonjwa walipofika, jambo la kwanza aliwapa marufuku: mgonjwa asivutwe mkono, na asimning'inie mtu shingoni. Aegemee mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, asukume kitanda kwa mkono wake mzima, ajiinue. "Na wewe unayemsaidia, mikono nyuma," aliwaambia. "Usimguse mpaka akuhitaji." Wanaume wazima wenye vitambi vyao walisimama mikono nyuma kama wanafunzi waliochelewa shule, na yeye akapata angalau kitu cha kuchekea siku hiyo.

Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa ameinama nyumbani kwake na kutoa shingo kama punda anayesubiri mzigo.

Tusimlaumu haraka. Miezi ya mwanzo alijaribu. Alimfundisha mama kama anavyofundisha wengine, pua mbele, mkono kwenye godoro, na mama alijaribu, akarudi chini, akajaribu tena, akalia, na saa ikaenda. Mtu anayelipwa kusubiri anaweza kusubiri. Mtu ambaye bado hajaoga, ambaye basi lake linapita na chai imechemka mpaka imefurika jikoni, huyo anatoa shingo. Siku ya kwanza alijiambia ni leo tu. Baada ya hapo hakujiambia kitu.

Mume wake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na nyumbani alikuwa zaidi sauti ya simu kuliko mtu. Kwa hiyo mzigo wa mama uliwaangukia wanawake wawili: Taratibu, na wifi yake, mdogo wa mume, binti wa mwisho wa mama. Wifi huyu alifanya kazi kwenye duka la vipuri saa za mchana, na jioni alikuwa kipa wa timu ya wanawake ya mpira wa mikono. Uwanjani walimwita Ukuta. Alikuwa mrefu, ana mabega, na mdomo wake haukujua mapumziko. Yeye ndiye aliyemnyanyua mama mara nyingi zaidi, kwa sababu alisema kumnyanyua mama ni mazoezi ya bure, na kwa sababu alikuwa na huruma na wifi yake ingawa angekufa kabla ya kulisema hilo.

Jumamosi Taratibu aliketi kwenye benchi la timu akiwa na begi la huduma ya kwanza mapajani. Hakuliomba begi hilo. Kocha alisikia tu kwamba anafanya kazi hospitalini, akamkabidhi, na tangu hapo Jumamosi zake zikawa za bandeji na barafu. Alikuwa amesinzia kidogo, kwa kusema ukweli, pale mshambuliaji wa upande wa pili aliporuka kufunga. Ukuta alitoka golini kumzuia. Goti la yule msichana lilimpata chini ya taya, upande wa kushoto, kichwa chake kikaenda nyuma na kugeuka kama kifuniko kinachofunguliwa. Alianguka, akalala sekunde chache, akakaa.

Timu ile ilikuwa na desturi yake. Msimu uliopita mchezaji mmoja aligongwa kichwa, akaendelea kucheza akiwa hajui yuko wapi, na baadaye akatapika usiku kucha. Tangu hapo kocha aliweka maswali: leo siku gani, tunacheza na nani, tuna mabao mangapi. Ukijibu unarudi, usipojibu unatoka. Wachezaji waliyashika maswali yale mpaka yakawa wimbo, na mtu akianguka benchi zima huyaimba.

Ukuta hakusubiri kuulizwa. "Leo Jumamosi," alisema huku akijifuta vumbi, "tunaongoza kwa mabao mawili, kocha amenenepa, na wifi yangu alikuwa amelala."

Watu walicheka. Taratibu naye alicheka, akamshika kidevu, akamwangalia machoni, akamwuliza kama anaona vitu viwiliviwili au anasikia kichefuchefu. Hapana na hapana. Akamrudisha golini. Kichwa kilikuwa kizima, na hilo lilikuwa kweli kabisa. Hakuna aliyeuliza habari za kile kinachobeba kichwa.

Jumapili Ukuta aliamka anashika shingo. "Imeanza mapema leo," alisema.

"Shingo ya mama," alisema Taratibu, bila kugeuka kutoka kwenye beseni la nguo.

"Nikandie kidogo basi. Wewe si mtaalamu?"

Taratibu alikuwa na vidole vilivyojikunja kwa kufua mashuka. Wiki nzima vidole hivyo vilikuwa vimewakanda watu wasiomhusu. Aliona akiwekewa shingo nyingine mbele yake atalia. "Kesho, wifi. Nakuomba. Kesho nitakukanda mpaka uombe msamaha."

Ukuta alimtazama, akaenda kumnyanyua mama mwenyewe. Mama akatupa mkono, akabana. Ukuta akatoa mguno ambao hakuzoea kuutoa. Jumatatu ikawa hivyohivyo, pamoja na kichwa kumwuma upande mmoja, nyuma ya jicho. Alimeza vidonge viwili akaenda dukani. Taratibu alirudi kutoka kazini akiwa hoi, akakuta wifi yake amelala, naye akalala bila kumkanda mtu.

Baadaye alipoambiwa ukweli wote, jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa hilo. Angekuwa na nguvu kidogo tu, angekuwa wifi mwema, angeikanda shingo ile kwa vidole vyake vya kazi, kwa bidii, palepale pabaya. Uvivu wake ndio uliomzuia. Mtu huwezi kujisifu kwa kitu kama hicho, na huwezi kukisahau.

Jumanne alirudi mchana kwa kuwa alikuwa na zamu fupi. Ukuta hakwenda dukani, aliomba ruhusa. Alikuwa ameketi mezani na mama, anamshikia kikombe cha chai. Taratibu alijitupa kwenye kiti bila kuvua viatu na kukandamiza bega lake la kulia kwa kiganja, kama alivyofanya kila siku akifika.

"Ukope wako mmoja umelala," alimwambia Ukuta, kwa kupitisha maneno tu.

"Macho yangu yanalala kwa zamu. Si ndiyo utaratibu wa nyumba hii?"

Ilikuwa hivyo. Ungeingia nyumba ile wakati wowote usingekosa ukope ulioshuka, na wa Taratibu mwenyewe ulikuwa nusu mlingoti. Akafumba macho. Alikuwa karibu kabisa kuchukuliwa na usingizi, pale alipomsikia wifi yake akiuliza, "Jirani ana mashine gani? Tangu asubuhi inafanya fyuu, fyuu, fyuu."

"Mimi sisikii mashine."

"Hiyo hapo. Iko sikio hili." Ukuta akagusa sikio la kushoto. "Nikipanda ngazi inaongeza mwendo."

Taratibu hakufumbua macho mara moja. Kuna uchovu ambao mtu anasikia kila kitu vizuri lakini anaomba kisiwe chake. Kitu kinachovuma sikioni na kuongeza mwendo ukipanda ngazi si mashine ya jirani. Ni moyo. Alijua hivyo, na alikaa akijua kwa muda, mkono wake ukiwa bado begani, upande wa kulia. Kisha akauhisi mkono wake mwenyewe, mahali ulipo.

Akafumbua macho. "Shingo inakuuma upande gani?"

"Si shingo ya mama?"

"Upande gani, wifi?"

Ukuta akaonyesha. Kidole kilianzia chini ya taya, kikapanda mbele ya sikio hadi nyuma ya jicho. Upande wa kushoto.

Mama hakuwa na mkono wa kuwavuta upande huo. Hakuwahi kuwa nao tangu apooze. Katika nyumba nzima hakuna aliyewahi kuumwa shingo upande wa kushoto.

Taratibu alisimama akafunga mapazia. Mama alilalamika kwa sauti yake isiyo na maneno, kwa kuwa alipenda mwanga. Taratibu akapiga magoti mbele ya wifi yake, akamwambia amtazame na asicheke. Katika giza lile la mchana mboni ya jicho la kulia ilitanuka kama inavyotakiwa. Ya kushoto ilibaki ndogo kama kichwa cha pini, chini ya ukope ulioshuka. Aliangalia tena, akitumaini amekosea.

"Chukua viatu vyako," alisema. "Usikimbie, usiiname. Mimi nitakufunga kamba."

"Utanifunga kamba za viatu? Basi nakufa."

"Hufi. Kaa kimya."

Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mtu mzima aliyeweza kukabidhiwa funguo, alikuja kukaa na mama. Teksi ilikuwa na dereva mpole, na Taratibu alimwomba asipige breki kwa ghafla, akamwomba tena, mpaka dereva akauliza kama wamebeba mayai.

Chumba cha dharura kilikuwa kimejaa. Taratibu alijulikana pale, lakini kujulikana hakumfanyi mtu aruke watu wanaotoka damu, na Ukuta hakutoka damu hata tone. Alikuwa msichana mwenye afya anayeshika shingo. Daktari wa zamu alipowafikia alikuwa kijana mwenye macho mekundu, kamba za kiatu kimoja zimelegea, na ilionekana amesimama tangu alfajiri. Hata hivyo alikuwa na adabu. Alimpima Ukuta nguvu za mikono, akamtembeza mstari ulionyooka, akamwambia acheke, atoe ulimi. Kisha akaanza maswali. "Leo ni—"

"Jumanne," alisema Ukuta. "Uko hospitalini, na umechoka kuliko mimi."

Daktari alitabasamu bila nguvu. "Kichwa kiko sawa. Misuli ya shingo imevutwa. Nitaandika dawa ya maumivu, apumzike, akiona mabadiliko arudi." Alikuwa tayari anageukia kitanda kinachofuata, na kusema haki, kitanda kinachofuata kilikuwa kinapiga kelele.

Taratibu alimshika kiwiko. Alikuwa hajawahi kumshika daktari kiwiko maishani mwake. "Daktari, naomba uvute pazia hili, uzime hiyo taa ya juu."

"Dada, nina watu—"

"Nimewaona. Zima taa, mwangalie macho. Ukiniambia yako sawa tunaondoka sasa hivi, na nitakuomba radhi."

Daktari alimtazama kama mtu anayepima kipi kitachukua muda mfupi zaidi, kubisha au kutii. Akavuta pazia, akazima taa. Kukawa na giza la kutosha. Aliinama, akaangalia jicho moja, akaangalia la pili, akarudi la kwanza. Alipowasha taa uso wake ulikuwa umebadilika, na ule usingizi haukuwemo tena.

"Huo ukope niliuona," alisema. "Nilidhani ni uchovu."

"Hata mimi."

Hapo akaanza kuuliza maswali mengine, yale yenyewe: aligongwa wapi, lini, maumivu yanapanda hadi wapi, kuna kitu kinavuma sikioni. Alipojibiwa la sikio akatoka mwenyewe kwenda chumba cha picha, hakumtuma mtu. Aliagiza picha ya mishipa ya damu ya shingoni, ile ya kudungwa dawa inayoifanya mishipa ing'ae. Akamlaza Ukuta kitandani, akamwambia asigeuze shingo, na akamwambia Taratibu kwa sauti ya chini, "Asiinuke hata kwenda chooni."

Walisubiri kwenye korido. Kitanda cha Ukuta kilikuwa na gurudumu linalolia, na mtu akipita akakigusa likalia. Taratibu alisimama kwa sababu kiti hakikuwepo, na kwa sababu akikaa alijua atalala, na kulala wakati ule aliona ni dhambi. Nyayo zilimuuma. Alikuwa akihesabu vitu viwili kichwani na kushindwa: nani atampa mama dawa jioni, na mshipa ule unasubiri nini.

"Wifi," alisema Ukuta. "Nipe ile... ile..." Akanyamaza. Macho yakatafuta kwenye dari. "Ile inaitwaje, ya kunywea maji?"

Taratibu alimrukia. Alimshika uso kwa mikono miwili. "Kikombe. Sema kikombe. Inua mkono wa kulia. Inua!"

Ukuta akainua mkono, na akaanza kucheka. "Nakutania. Jamani, nakutania tu. Kikombe. Kikombe, sahani, sufuria."

Taratibu alimwachia. Alimkasirikia wifi yake kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu. "Nitanie na kitu kingine chochote," alisema. "Nitanie na mume wangu, na upishi wangu, na usingizi wangu. Usinitanie na maneno. Asubuhi ile mama alipougua, neno la kwanza kumpotea lilikuwa kikombe. Aliniomba, na kilichotoka hakikuwa neno. Nilidhani ana usingizi."

Ukuta aliacha kucheka. Hakuwepo siku ile, alikuwa safarini na timu, na hakuna aliyemsimulia.

"Mshipa unaopeleka damu upande wa kushoto wa ubongo, unaotawala mkono wa kulia, ndio uleule," Taratibu alisema. Hakuona maana ya kumficha tena. "Wa mama uliziba. Wako nadhani umechanika ndani. Damu ikiganda kwenye mchaniko, bonge likapanda juu, unapoteza mkono wa kulia na maneno, kama yeye. Labda leo, labda kesho kutwa, labda isitokee. Ndiyo maana tuko hapa na sijavua viatu."

Gurudumu likalia, mtu akapita. "Kama mama kabisa?" aliuliza Ukuta.

"Kama mama kabisa."

Ukuta akanyoosha mkono wake wa kulia, akashika kidole kimoja cha wifi yake, akakaa nacho hivyo. Hakusema mzaha wowote hadi walipomwita.

Picha ilisema kile mboni ilichosema. Daktari aliwaeleza akiwa amekaa, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake. Mshipa mkubwa wa kushoto haukukatika. Ulichanika ngozi ya ndani tu, damu ikajipenyeza katikati, ikaisukuma ile ngozi mpaka njia ikawa nyembamba. "Ni kama bitana ya koti ikibanduka kwenye mkono," alisema. "Kwa nje koti ni zima. Ukiingiza mkono ndio unakwama." Na mishipa midogo ya neva inayoinua ukope na kutanua mboni inapita palepale kwenye ukuta wa mshipa, ndiyo maana jicho lilisema kabla ya kitu kingine. Ubongo ulikuwa bado haujaguswa. Ataanzishwa dawa ya kuzuia damu isigande, atalazwa, ataangaliwa saa hadi saa. Mara nyingi mshipa hupona wenyewe ukiachwa upumzike. Hakuahidi.

Kisha akauliza, kalamu mkononi, "Baada ya kugongwa Jumamosi, shingo ilivutwa tena? Ilipindwa, ilikandwa, ilibeba kitu?"

"Hapana," alisema Ukuta upesi. "Nimepumzika tu."

Taratibu alimtazama. Ukuta aliangalia dari, na alikuwa amefunga mdomo vizuri, yule ambaye mdomo wake haukujua mapumziko. Hakuwa anajilinda yeye. Alikuwa analinda nyumba: mama asije kusemwa, na wifi yake, mtaalamu wa viungo, asije kuulizwa swali mbele ya kijana aliyefanya naye kazi jengo moja. Lingekuwa jambo rahisi sana kumwacha.

"Kila asubuhi na kila jioni," Taratibu alisema. "Mama mkwe wangu amepooza. Tunamnyanyua kwa shingo."

Daktari aliinua uso. Aliijua kazi ya Taratibu. Kila mtu katika jengo lile alijua habari ya mikono nyuma.

"Mimi ndiye niliyeruhusu," alisema Taratibu. "Kwa sababu ni haraka."

Daktari aliinamia karatasi yake. Aliandika. "Kuanzia leo hapana," alisema. "Wala mpira, kwa miezi. Labda golini asirudi tena, hilo tutaliona." Akainuka, akafunga kamba ya kiatu chake, akaenda kwa watu wengine.

Ukuta alilia kwa jicho moja zaidi ya jingine. "Nani atamnyanyua mama?"

"Mimi."

"Na ukiwa kazini? Na kaka yuko barabarani?"

"Usiniulize hilo sasa, wifi. Lala. Leo kazi yako ni kulala, na mimi ninakuonea wivu."

Asubuhi iliyofuata simu kutoka wodini ilisema amelala vizuri, mkono una nguvu, maneno yapo, tena mengi. Taratibu aliisikiliza akiwa amesimama katikati ya sebule na brashi ya meno mdomoni. Kisha akaenda chumba cha nyuma.

Mama alikuwa macho. Alikuwa na maneno machache tu yaliyombakia, na alichagua mojawapo. "Toto?"

"Yuko hospitali, mama. Hajambo. Aliumizwa na mpira, hapa." Taratibu akagusa shingo yake mwenyewe, upande wa kushoto. "Goti la msichana mmoja. Watamwangalia siku chache. Asibebe kitu, shingo ipumzike."

Alidhani amelisema vizuri. Alidhani ameruka palipotakiwa kurukwa. Lakini kiharusi kilichukua maneno ya mama, hakikuchukua akili, na watu walio karibu naye walilisahau hilo mara kwa mara. Mama alimtazama shingo. Kisha akautazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa juu ya shuka, akautazama muda mrefu kama mkono wa mtu mwingine.

"Mimi?" alisema.

"Hapana, mama. Mpira."

"Mimi."

Jibu la kweli Taratibu hakulijua, wala daktari hakulijua. Saa ilikuwa imekwenda. Basi lilikuwa linakuja. Chai ilikuwa jikoni. Alifanya alichofanya kila asubuhi: aliisogeza miguu ya mama ikagusa sakafu, akamkalisha ukingoni mwa kitanda, akainama mbele yake, akatoa shingo.

Mkono haukuja.

Alisubiri akiwa ameinama, macho kwenye nyayo za mama. Akainua uso. Mama alikuwa ameukunja ule mkono kifuani. Alitikisa kichwa. Kisha akaushusha, taratibu, akauweka kwenye godoro kando ya paja lake, vidole vimetanuka. Akaanza kuegemea mbele. Uso wake ulipita magoti, pua ikaenda kutafuta vidole vya miguu, kama alivyofundishwa mwanzoni kabisa, kabla ya watu wote kuchoka. Akasukuma. Alinyanyuka kidogo, nafasi ya kupitisha daftari, akarudi chini kwa kishindo.

"Mama, acha. Leo nitakusaidia tu, kesho tutaanza vizuri."

"Hapana," alisema mama. Hilo neno alikuwa nalo kamili.

Akasukuma tena, akarudi. Jasho lilimtoka. Mguu mbovu ulitetemeka, ule mzima ukajikaza. Nje basi lilipiga honi kwenye kona, likasimama, likaondoka. Taratibu alikuwa analia, na hakuwa na mkono wa kujifutia, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imeshatangulia mbele kumdaka.

Mama akaitazama ile mikono. Akaitazama mpaka mwenye mikono akaelewa.

Taratibu akaipeleka nyuma, mmoja ukaushika mwingine kwa nguvu, akasimama pale akisubiri.